Bora Mgema Aliyetia Maji

Wapwani wana methali ambayo kila aliyesoma sekondari amewahi kuitolea maana kwenye mtihani: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tunaitumia kumsema mtu aliyesifiwa akavimba kichwa, akaharibu kazi. Mgema wa watu amebeba lawama hiyo tangu enzi za mababu. Leo nataka kumtetea. Sababu yangu nimeipata Kaole, kwenye ndoo ya plastiki ambayo niliichanganya kwa mikono yangu mwenyewe.

Kabla hujafunua ukurasa mwingine ukidhani haya ni mahubiri, nitangulie kusema kwamba mimi nakunywa. Nimezaliwa upande wa Kilimanjaro, bibi yangu anapika mbege, na bia naijua. Asiyekunywa namheshimu, na nitafika kwake huko mbele, maana ndoo yetu ilimkosea na yeye. Ila makala haya nawaandikia zaidi washkaji wanaokunywa, hasa wale ambao kila sherehe wanapewa kazi ya kuchanganya. Mimi nilikuwa mmoja wao. Hapa kampasi nilikuwa na sifa. Mtu akiandaa "bethidei" ananiita: "Mwalimu, njoo ututengenezee ile kitu." Nikisifiwa, nilikuwa sitii maji. Niliongeza kali.

Tulikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, TP, wilayani Bagamoyo. Tulipanga nyumba Kaole, kama kilomita tano kusini ya mji, sisi wanne, na wenzetu waliopangwa shule nyingine walikuwa wanatutembelea wikiendi. Anayeijua Kaole anajua ni mahali pa utulivu. Kuna magofu ya mji wa kale, msikiti wa karne ya 13 uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, makaburi yenye nguzo, na mbuyu mkubwa ambao kila mgeni lazima apigie picha. Bandari ya zamani imejaa matope na mikoko. Watu wa pale ni Waislamu kwa wingi. Mama mwenye nyumba, mtu mzima wa Kizaramo, alituambia siku ya kwanza tulipompa shikamoo: "Marahaba wanangu. Mimi sitawafuata ndani kuangalia mnakula nini, mnakunywa nini. Ila kule kwenye makaburi ya wazee msipeleke ulevi, na watoto wa watu wasiwaone walimu wao mmelewa." Tukaitikia. Tukaona tumepata mama mwelewa.

Jumamosi moja, bumu lilikuwa limeingia, wageni wakaja. Tulikuwa watu kumi. Tukachanga. Hapa niseme ukweli ambao kwenye mijadala ya pombe kampasi huwa hausemwi: tunachanganya kwa sababu ya hela. Bia moja ya nusu lita ni shilingi 2,000 na kitu. Watu kumi, kila mtu bia nne, hapo umeshamaliza chakula cha wiki. Lakini bia nane, mizinga miwili ya pombe kali, soda za limau na juisi ya ukwaju, ndoo inajaa, watu wanachangamka, na chenji inabaki. Si kwamba tunapenda sana ladha ya kokteli, tunanyoosha hela tu.

Basi nikachanganya. Bia nane, mizinga miwili, soda lita tatu, ukwaju lita moja na nusu, barafu, vipande vya ndimu juu kwa ajili ya picha. Nikaonja, tamu. Ukwaju umeua uchungu wa bia, sukari imeua ukali wa ile nyingine. Watu wakasifu. Tulianza saa 11 jioni, uani, kwa vikombe vya plastiki vya nusu lita. Ndoo ilipofika katikati, mwenzetu mmoja aliyechelewa akaja na mzinga wake. Akaumimina wote. Hakusema, na aliyekuwa amemwona hakusema, kwani ilikuwa furaha tu.

Kulikuwa na dada mmoja, mwenzetu wa TP, ambaye huwa hanywi sana. Alikunywa vikombe vinne. Ameniruhusu niandike, ila jina lake libaki kwetu. Saa 2 usiku akasema ana usingizi, akaenda kulala. Saa 3 rafiki yake akaenda kumwangalia, akarudi anakimbia. Tulimkuta amejitapikia, amelala chali, ukimwita haitiki, ukimfinya haitiki. Mikono ilikuwa ya baridi, na huko nje kulikuwa na joto la Bagamoyo mnalolijua.

Sasa nisikilizeni wenzangu, hapa ndipo panapoumiza. Tulikaa karibu nusu saa tunabishana. Si kwamba hatukuona hatari, tuliogopa. Tukimpeleka hospitali, msimamizi wa TP atajua, chuo kitajua, shule tunayofundisha itajua. Mmoja akasema tumnyweshe kahawa. Mwingine akasema tummwagie maji. Mwingine akasema tumwache alale, asubuhi ataamka mwenyewe. Walimu watarajiwa, watu wa mwaka wa pili chuo kikuu, ndio tulikuwa tunasema hayo.

Aliyetuokoa ni mama mwenye nyumba. Alisikia kelele, akaja amejifunga kanga, akaangalia mara moja tu, akamgeuza yule dada kwa ubavu, akampangusa mdomo. Hakutukemea. Akanigeukia mimi, sijui kwa nini mimi, akaniuliza: "Mwalimu, huyu kanywa nini?"

Nikasema, "Mama, ni mchanganyiko tu."

"Mchanganyiko wa nini, mwanangu?"

Nikajibu bia, na kali kidogo. "Kidogo kiasi gani?" Nikanyamaza. Akasema tuite bajaji.

Hospitalini, mhudumu wa zamu aliuliza swali lilelile, neno kwa neno karibu: amekunywa nini, kiasi gani, kuanzia saa ngapi? Tulikuwa wanne pale benchi, na hakuna aliyeweza kujibu. Mimi niliyechanganya nilitaja mizinga miwili. Mwenzangu akainama, akasema, "Ni mitatu." Ndiyo mara ya kwanza kusikia.

Aliwekewa dripu, akaangaliwa usiku kucha, alfajiri akafumbua macho. Leo yuko mzima, amemaliza TP yake. Siku chache baadaye tulipokaa kuzungumza nilimwomba radhi. Akaniambia, "Mimi nilikuwa nahesabu, kaka. Nilijua vikombe vinne ni kama bia nne, nazimudu. Nilikuwa nahesabu kabisa."

Kauli hiyo ndiyo iliyonikalisha chini. Jumatatu nilikuwa na kipindi cha asilimia, hisabati kidato cha kwanza. Usiku wa Jumapili, nyuma ya andalio la somo, nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga Jumamosi. Nawapa hapa, kila mtu akague mwenyewe.

Chukua bia ya kawaida, nusu lita, yenye kilevi asilimia 5. Humo ndani kuna mililita 25 za kilevi chenyewe. Bia nane ni mililita 200. Pombe kali ya asilimia 35, kiwango cha Konyagi kwa mfano, mzinga wa mililita 750 una mililita 262.5 za kilevi. Mizinga miwili ni 525. Jumla ni 725. Ndoo nzima ilikuwa lita kumi, barafu tuiache kando. Kwa hiyo ndoo ya kwanza ilikuwa na asilimia 7.25. Kikombe kimoja cha nusu lita kilikuwa na mililita 36 na ushee, yaani kama bia moja na nusu. Na kilikuwa na ladha ya juisi ya ukwaju.

Ndoo ilipofika nusu, zilibaki lita tano zenye kilevi mililita 362.5. Ukamiminwa mzinga wa tatu. Hapo kilevi kikawa mililita 625 ndani ya lita tano na robo tatu, yaani karibu asilimia 11. Kikombe kilekile, rangi ileile, ukwaju uleule, sasa kina mililita 54, zaidi ya bia mbili.

Dada yetu alikunywa viwili kabla na viwili baada. Jumla mililita 181. Gawanya kwa 25. Ni bia saba na robo. Alihesabu nne kwa akili timamu, kwa nidhamu, kama tunavyoshauriwa tuhesabu. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa vikombe. Mimi ndiye niliyemnyima namba ya pili.

Na mwili haudanganyiki na ukwaju. Ini la mtu mzima linavunja kilevi taratibu, wastani wa gramu 10 hivi kwa saa, na chupa moja ya nusu lita ina kama gramu 20. Maana yake bia moja inahitaji karibu saa mbili, na bia saba ni saa 14. Kahawa haiharakishi. Maji ya baridi hayaharakishi, yanaweza kumshusha joto mtu ambaye tayari amepoa. Kumlaza chali "apumzike" ndiko kunakoua, kwa sababu akitapika matapishi yanaingia njia ya hewa. Vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo wengine mnamimina ndoo hiyohiyo, ni mtego mwingine: kafeini inaondoa usingizi, haiondoi kilevi. Mtu anajiona yuko sawa, anaendelea kunywa, kumbe ile kengele ya kumwambia "sasa lala" ndiyo umeizima.

Tena kuna hadithi za vijiweni. Utasikia tatizo ni mpangilio: ukianza na bia ukaja nyingine umekwisha, ukianza na ile nyingine uko salama. Mwaka 2019 watafiti wa Ujerumani na Uingereza walitoa matokeo ya jaribio la watu 90. Wengine walianza bia wakamalizia mvinyo, wengine kinyume chake, wengine walikunywa aina moja, halafu baada ya wiki wakarudia na kubadilishana. Uchovu wa asubuhi haukutofautiana kwa sababu ya mpangilio. Kwa hiyo tuache kusingizia foleni ya chupa. Swali ni kiasi, na kiasi hakijulikani ukiwa hujui kilichomo.

Sasa nirudi kwa mgema.

Nilichojifunza ni kwamba kuna kuchanganya kwa namna mbili, na sisi tunaziita kwa jina moja. Kuna kuchanganya kwa kupunguza na kuna kuchanganya kwa kuongeza. Wajerumani wana kinywaji kinaitwa Radler, bia kwa limonadi, nusu kwa nusu. Waingereza wana shandi, bia kwa soda. Mexico wana michelada, bia yenye ndimu, chumvi na pilipili. Zote hizo ni kokteli za bia kabisa, zina heshima yake, na zote kilevi chake hakizidi cha bia yenyewe. Nyingine kinashuka hadi nusu. Upande wa pili, Korea Kusini wanachanganya bia na pombe yao kali iitwayo soju, wanaita somaek. Hiyo ni ya kuongeza, na anayeinywa anajua anaongeza. Jina lenyewe limeunganisha majina ya vinywaji viwili, soju na maekju, ambayo ndiyo bia.

Ndoo ya kampasi ni ya kuongeza iliyovaa nguo ya kupunguza. Inaonekana kama juisi, inanusa kama juisi, mtoto akipita anaweza kuomba. Mgema wa methali alikuwa mlaghai, sawa. Aliuza maji kwa bei ya tembo. Lakini mteja wake alirudi nyumbani kwa miguu yake. Mimi niliuza tembo kwa sura ya maji, nikasifiwa, na mtu akabebwa. Kati yetu wawili, nani alistahili methali?

Bibi yangu hajui asilimia. Ila mbege nayo ni mchanganyiko: ndizi zilizochemshwa, ulezi, na gome la msesewe la kuleta uchungu. Kila mwaka likizo namwona. Mgeni akija, bibi hampi kata kwanza. Anachota, anaonja yeye mbele ya mgeni, halafu ndipo anampa. Na anasema: hii ni ya jana, hii imekaa siku mbili ina nguvu, kunywa taratibu. Nilikuwa nadhani ni mila tu za wazee. Sasa naona ni utaratibu wa kazi. Aliyepika anawajibika kwa kilichomo, na anakisema kwa mdomo kabla mtu hajameza. Sisi tumechukua sherehe, tumeacha utaratibu.

Nilisema nitafika kwa asiyekunywa. Jumamosi ile kulikuwa na ndoo mbili pale uani, zote za bluu, moja ya mchanganyiko na moja ya juisi ya ukwaju tupu kwa ajili ya wenzetu wasiokunywa. Kaka mmoja Mwislamu, mwenzetu wa TP, alichota kwenye ndoo isiyo yake. Alimeza mafunda mawili kabla ya kuhisi. Hakugombana na mtu. Alitema, akaenda kusukutua, akaondoka mapema bila kuaga. Mimi wakati ule nilicheka. Nilichukulia ni bahati mbaya ya kuchekesha. Leo siioni hivyo. Mtu amejiwekea mpaka wake maishani, mimi nimemvukisha kwa sababu nilikuwa mvivu kuandika neno moja kwenye karatasi. Tunaishi kampasi zenye watu wa kila dini, wengine wako kwenye dozi za hospitali zisizoendana na pombe, wengine ni wajawazito, wengine wameamua tu. Ndoo isiyo na jina inawanyang'anya wote uamuzi wao.

Najua kuna wanaosema dawa ni kupiga marufuku. Nawaelewa. Serikali iliwahi kufanya hivyo kwa viroba, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na nakumbuka mimi nikiwa bado kaptula ya shule jinsi vilivyopotea madukani. Sababu zilikuwa za msingi: vilikuwa bei rahisi, vinafichika mfukoni, vilikuwa vinawamaliza vijana, na mifuko yake ilikuwa imezagaa kila mtaro. Sidai virudi. Ila tuangalie sisi tumefanya nini baada yake. Tumekijenga kiroba upya ndani ya ndoo. Ni rahisi, ni kikali, na kimefichwa, safari hii kimefichwa ndani ya ukwaju. Tena kiroba, pamoja na ubaya wake wote, kilikuwa na asilimia imeandikwa ubavuni. Ndoo yangu haikuwa na kitu. Marufuku inaweza kuondoa bidhaa dukani, haiwezi kuingia uani kwetu saa 11 jioni. Huko tupo sisi wenyewe tu.

Wengine watasema mtu mzima ajitegemee, hakuna aliyemshikia kikombe. Hoja hii nilikuwa naitumia mimi. Inaanguka kwa hesabu niliyoionyesha pale juu. Mtu mzima anajitegemea akiwa na taarifa. Ukimpa kikombe ambacho hata wewe uliyekitengeneza hujui kina nini, wote wawili mnabahatisha, na anayelipa ni yeye.

Ninachopendekeza si kikubwa. Kwanza, anayechanganya aandike. Karatasi, kalamu, gundi ya uwazi, ubandike kwenye ndoo: bia ngapi, kali kiasi gani, soda kiasi gani, kikombe kimoja ni sawa na bia ngapi. Hesabu ni ya kidato cha kwanza, na wewe uko chuo kikuu. Pili, ikishabandikwa, hakuna kuongeza. Aliyechelewa na chupa yake anywe chupa yake. Na chupa yoyote inayoingia iwe imefungwa kiwandani, maana Mei 2014 majirani zetu Kenya walizika watu zaidi ya 60 kwa pombe iliyotiwa methanoli, na methanoli huioni wala huionji ndani ya soda. Tatu, ndoo ya wasiokunywa iwe ya rangi nyingine na ikae mbali. Nne, kila sherehe awepo mmoja asiyekunywa siku hiyo, kwa zamu, si kila mara yuleyule mlokole mnayemtania.

Tano ndiyo inayowahusu viongozi wetu. Serikali ya wanafunzi ina waziri wa afya. Naomba akae na ofisi ya mshauri wa wanafunzi, watoke na kauli moja ya maandishi: mwanafunzi anayempeleka mwenzake hospitali kwa sababu ya pombe hataadhibiwa kwa kumpeleka. Bila hiyo, nusu saa tuliyoipoteza sisi itapotezwa na wengine, na si wote watakuwa na mama mwenye nyumba ukutani. Mpaka kauli hiyo itoke, nawaomba mpeleke hivyo hivyo. Mtu ukimwita haamki, anapumua kwa kusuasua, pumzi chini ya nane kwa dakika, ngozi ya baridi, midomo imegeuka rangi: huyo halali, huyo anakwenda. Mgeuze ubavu, usimwache peke yake, ita bajaji. Aibu utaishughulikia kesho.

Nimeulizwa kama nimeacha kuchanganya. Sijaacha. Wiki ya mwisho ya TP tulifanya kikao kidogo cha kuagana, palepale uani. Nilitengeneza bia nusu, soda ya tangawizi nusu, ndimu ya kutosha na chumvi kidogo kwenye mdomo wa kikombe. Asilimia 2.5. Karatasi niliibandika, maandishi makubwa kama ya ubaoni: "Vikombe viwili = bia moja." Mshkaji mmoja akaonja akaniambia, "Mwalimu siku hizi unatutilia maji." Nikamwambia ndiyo, soma karatasi. Ilikuwa tamu, kwa kweli, na joto lile la Bagamoyo linaitaka zaidi kuliko ile niliyosifiwa.

Yule dada alikuwepo. Alisoma karatasi kwanza, akachota kimoja. Kaka yetu Mwislamu naye alikuja, nikamwonyesha ndoo yake, nyekundu, upande wa mlangoni. Aliinusa kabla ya kunywa. Sikumlaumu.

Jioni mama mwenye nyumba alipita akielekea kwa jirani. Akasimama, akainama kusoma karatasi kwa sauti, polepole, neno kwa neno, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Akamaliza, akaniangalia, akasema, "Ehee. Sasa nikikuuliza utanijibu."